Kabla ya Kwenda Uwanja wa Shabaha: Kujaza Risasi na Bunduki Inapogoma

Bunduki inapogoma uwanjani, mara nyingi sababu ilikuwapo tangu nyumbani: magazini (kisanduku cha risasi) iliyopinda midomo, chemba (tundu risasi inamokaa ikifyatuliwa) yenye masizi ya juzi, bolti (chuma kinachosukuma risasi chembani na kuifunga) kavu isiyotiwa mafuta, au risasi zisizo zake. Hizo za mwisho zikaguliwe kwanza, kwa kulinganisha maandishi ya kwenye mtutu na yale ya kwenye kitako cha ganda. Risasi ya aina ya .300 Blackout hukaa vizuri katika magazini ya bunduki ya risasi za 5.56 (milimita), na wakati mwingine huingia hata chemba, ilhali kichwa chake ni kinene kuliko tundu la mtutu. Ikifyatuliwa, bunduki yaweza kupasuka mkononi. Miwani na vizibo vya masikio havina mjadala, kwani mlio wa bunduki huzidi desibeli 140.

Kujaza kuzoewe mapema kwa risasi bandia, huku zile za kweli zikiwa chumba kingine. Magazini isukumwe hadi ishike, kisha ivutwe kidogo kuhakikisha. Ikiwa bunduki ni ya kujijaza yenyewe, bolti ivutwe hadi mwisho na kuachiwa irudi kwa nguvu ya springi yake. Wageni wengi huisindikiza kwa mkono, halafu wanashangaa kwa nini haikufunga.

Jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni sikio. Ukisikia "ta" tupu, bila mlipuko, acha mdomo wa bunduki ukielekea shabaha na usubiri angalau sekunde 30, maana baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu, na bega lisipigwe kama kawaida, acha kabisa: huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili itakikuta humo. Hapo ndipo ile tabia ya kugonga magazini, kukoki na kufyatua tena, inayosifiwa kwa wepesi wake, inapogeuka hatari.

Ganda lililobanwa mlangoni, yaani kwenye tundu la kutolea maganda, ni jambo dogo. Risasi mbili zilizogombania chemba zina kazi zaidi: kidole nje ya kifyatulio, bolti ivutwe na kushikizwa nyuma, magazini itolewe, kisha chemba iondolewe risasi na kukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Ukishindwa, inua mkono na umngoje msimamizi aifuate bunduki pale ilipo, ikiwa bado imeelekea shabaha, badala ya wewe kugeuka nayo kumwonyesha.