Sikukuu ya Magdalena de Kino: Mwongozo kwa Familia Zetu za Arizona

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba 4, mji mdogo wa Magdalena de Kino, jimbo la Sonora, Meksiko, hujaa watu kupita uwezo wake, waendao kuzuru sanamu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Wengine huja kwa mabasi, wengine kwa pikapu zilizopakiwa magodoro na majiko. Wengi huja kwa miguu, wakitembea usiku kando ya barabara kuu kutoka Nogales au Hermosillo, fimbo mkononi, riboni za rangi zikipepea. Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, hutoka pande zote mbili za mpaka. Aliyewahi kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, Juni 3 hahitaji maelezo marefu: ni hija na gulio kwa pamoja, na huwezi kusema moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Kutoka Tucson ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu, ukiacha foleni ya mpakani. Hata hivyo ni nadra kusikia familia zetu za Phoenix na Tucson zikipanga kwenda, na ukiuliza sababu utajibiwa neno moja: makaratasi. Kwa baadhi yetu woga huo ni wa haki kabisa. Kwa wengine ni mazoea tu.

Mwenye uraia wa Marekani abebe pasipoti, basi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani, haombi viza ya Meksiko hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania, Kenya au Burundi, ila pasipoti na kadi zote mbili ziwe hai na ziwe mkononi. Aliyeko kwa viza ya Marekani ambayo bado haijaisha naye anaruhusiwa kuingia Meksiko kwa hiyo hiyo viza. Wanafunzi ndio hujikwaa hapa: una karatasi halali za kukaa Marekani, lakini viza iliyobandikwa kwenye pasipoti iliisha zamani. Kwa Meksiko hiyo haifai kitu. Na kabla ya kutoka hakikisha utaruhusiwa kurudi, maana kanuni za Marekani kwa pasipoti za nchi zetu zimekuwa zikibadilika ghafla.

Aliyeingia kama mkimbizi na hajapata kadi ya kijani asivuke kabla ya kupata hati ya kusafiria ya mkimbizi kutoka idara ya uhamiaji ya Marekani, kisha aulize ubalozi mdogo wa Meksiko, uliopo Tucson, Phoenix na hata Nogales ya Arizona, kama hati hiyo wataipokea. Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa abaki nyumbani. Nasema hivi bila kuzungushia maneno kwa sababu huwa hakosekani mjomba wa kusema "pale wanapita tu, hawaulizi." Kwenda, kweli mara nyingi hawaulizi. Kurudi ndiko kwenye maswali.

Kuna kibali cha mtalii kiitwacho FMM. Kwa anayeingia kwa gari na kukaa siku zisizozidi 7 ni bure, lakini hakuna atakayekukimbilia kukupa. Egesha mpakani, ingia ofisi ya uhamiaji ya Meksiko, omba. Sisi Weusi tukifanye kibali hiki kuwa lazima, kwa sababu siku hizi Waafrika wengi hupita Meksiko wakielekea kaskazini, na ofisa akiona gari lenye sura zetu katikati ya jangwa ataanza na dhana hiyo. Ukimpa pasipoti, kadi na kibali kwa pamoja, mazungumzo huwa mafupi na ya heshima. Makaratasi yakae mfukoni au kwenye mkoba wa mama. Yakikaa kwenye buti, chini ya mabegi, hayakusaidii.

Watoto wabebe pasipoti kama wanazo. Mtoto raia wa Marekani aliye chini ya miaka 16 anaweza kurudi kwa njia ya barabara akiwa na cheti cha kuzaliwa. Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzio, beba barua yake ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa mthibitishaji wa nyaraka. Hata kama ni mpwa unayemlea tangu mdogo na anakuita baba, ofisa wa mpakani hajui ulezi wa kwetu.

Gari halihitaji kibali cha kuingizwa nchini, kwa kuwa Magdalena iko ndani ya eneo huru la Sonora. Kinachohitajika bila mjadala ni bima ya Meksiko. Bima yako ya Arizona inakoma mpakani, na ukigonga mtu bila bima ya kule unaweza kushikiliwa mpaka ijulikane nani analipa. Nunua ya siku mbili au tatu, mtandaoni au kwenye maduka ya Nogales kabla ya kuvuka, uichapishe. Gari la kukodi linahitaji idhini ya maandishi ya kampuni. Gari la shemeji pia, barua ya shemeji.

Pekua gari kabla ya kuondoka. Arizona ni nchi ya bunduki, na risasi moja iliyosahaulika chini ya kiti ni kosa kubwa upande wa pili, hata kama bunduki yenyewe imebaki nyumbani. Pekua na mkoba wa dawa pia: vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine, vinavyouzwa kihalali Marekani, Meksiko ni marufuku.

Usalama ni suala la kuongea waziwazi. Serikali ya Marekani imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu Sonora, na onyo hilo lisome mwenyewe wiki ya safari, maana hali hubadilika. Ukiamua kwenda, fuata Barabara Kuu ya 15, usikate njia za vumbi, na ufike kabla jua halijazama. Mbali na wahalifu kuna ng'ombe wanaovuka lami gizani, na usiku wa kuelekea Oktoba 4 kuna mamia ya mahujaji kando ya barabara, wengine wamechoka kiasi cha kuyumba. Gari likiharibika piga 078, namba ya mafundi wa serikali waitwao Ángeles Verdes. Dharura ni 911, kama ulikotoka. Saa hubadilishi: Sonora na Tucson hufuata saa ile ile mwaka mzima.

Sasa siku ya kwenda. Ushauri wangu ni huu: ukiwa na watoto, usiende tarehe 4 yenyewe. Nenda wikiendi inayotangulia. Vibanda vimeshapangwa, muziki umeshaanza, mahujaji wameshaanza kuwasili, na bado kuna pa kukanyaga. Tarehe 4 foleni ya kumwona mtakatifu ni ya masaa juani, na jua la Oktoba pale bado linachoma. Vyumba vya hoteli Magdalena ni vichache na vinashikwa mapema sana. Tafuta Santa Ana, kusini kidogo, au Ímuris, kaskazini, au lala Nogales upande wa Arizona na uvuke alfajiri.

Huyo mtakatifu anatuhusu kuliko tunavyodhani. Ni Fransisko Ksaveri, padri wa shirika la Wajesuiti ambaye mwaka 1542, akiwa safarini kuelekea Goa, alitia nanga Malindi. Katika barua yake anasimulia kwamba walimzika pale mtu aliyefia chomboni, na kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu wa mji alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa ikipata watu. Malalamiko hayo mpaka leo utayasikia kila mahali, msikitini na kanisani. Kikanisa cha Wareno kilichopo Malindi bado kinahusishwa na jina lake. Waambie watoto wenye asili ya Pwani kwamba mtu yule aliyelala pale jangwani alipita kwa mababu zao. Wangu hilo liliwaingia kuliko hotuba yoyote ya historia.

Sanamu yake imelala chali katika kikanisa kando ya kanisa la Santa María Magdalena. Zamu yako ikifika unaingiza kiganja chini ya shingo, unainua kichwa kidogo, unabusu au unagusa uso, unasogea. Wanasema mwenye deni na mtakatifu hataweza kukiinua, na utawaona wanaume wazima wenye kofia pana wakisita kabla ya kunyoosha mkono. Mama mmoja mbele yetu alipitisha riboni nyekundu mwilini mwa sanamu kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya kitambaa cha mtoto aliyempakata. Usipige picha za watu katika hali hiyo. Aliye Mwislamu au asiyependa mambo ya sanamu asijilazimishe. Uwanjani kuna mengi, wala hakuna atakayeuliza kwa nini hukuingia.

Msomaji makini atagundua kwamba Oktoba 4 si siku ya Ksaveri, ambaye yake ni Desemba 3, bali ya Fransisko wa Asizi. Maelezo ya kawaida ni kwamba Wajesuiti walifukuzwa mwaka 1767, Wafransisko, watawa wa huyo wa Asizi, wakashika nafasi zao, na wacha Mungu wa jangwani hawakuona haja ya kuwatenganisha akina Fransisko hao wawili. Sanamu yenyewe si ile ya kale. Mwaka 1934, serikali ya jimbo ilipokuwa ikiandama Kanisa, iliyokuwepo ilichukuliwa na kuchomwa moto. Wapo wanaoshikilia mpaka leo kwamba iliyochomwa haikuwa yenyewe.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja mkubwa, kuna jengo la kuba lenye mifupa ya Padri Eusebio Francisco Kino, aliyefariki Magdalena Machi 1711 alipokuja kuzindua kikanisa cha huyo huyo Ksaveri. Kaburi lake lilipotea machoni pa watu hadi mwaka 1966 lilipofukuliwa, na mji ukaongezewa jina lake. Unaitazama mifupa kupitia kioo, imelala vile vile ilivyokutwa udongoni. Mtoto mdogo mwoga wa wafu mwandae mapema. Kino ndiye aliyeanzisha misheni ya San Xavier del Bac karibu na Tucson mwaka 1692, kwa hiyo ukitaka kuwaonjesha watoto kabla ya safari, anzia pale. Nayo ina sanamu iliyolala.

Usiku uwanja hugeuka. Bendi za tarumbeta na vikundi vya akodiani hupita kati ya meza wakipiga kwa malipo, wimbo kwa wimbo. Patana bei kabla hawajaanza. Kuna mashine za kubembea na vibanda vya kulenga shabaha. Ukibahatika utawaona Wayaqui, wenyeji wengine wa asili wa Sonora, wakicheza ngoma ya kulungu, mchezaji akiwa amefunga kichwa cha mnyama juu ya kichwa chake na njuga za vifukofuko vya wadudu miguuni. Hilo si onyesho la watalii, ni ibada, kwa hiyo simama pembeni. Watoto waandikie namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino, maana umati ni mkubwa na mtandao huzidiwa.

Beba peso za noti ndogo na sarafu. Choo hulipiwa, maegesho hulipiwa, tozo ya barabara hulipiwa, na muuza mahindi hana chenji ya noti kubwa. Karatasi za chooni nenda nazo.

Chakula ndicho kitakachowarudisha mwaka mwingine. Sonora ni nchi ya ng'ombe na ngano, vyote viwili vilivyoenezwa huku na misheni za Kino, na matokeo yake ni nyama ya ng'ombe juu ya makaa na tortilla za ngano pana kama mkono wa mtu mzima, nyembamba kiasi kwamba ukiinua moja dhidi ya taa unaona mwanga. Pilipili ya hapa ni chiltepín, punje za mviringo zisizozidi mbegu ya papai. Usizidharau. Oktoba ni msimu wa membrillo, tunda gumu la jamii ya tofaa na pea, ambalo hupikwa na sukari hadi ligande na hukatwa vipande kwa kisu. Jibini nunua Ímuris njiani.

Kwa Waislamu: nyama haikuchinjwa kihalali, hilo mnalijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mafuta ya nguruwe, manteca, huingia kwenye tortilla za ngano, maharage, tamales na hata mikate mitamu. Uliza "¿lleva manteca de puerco?" Tortilla za mahindi kwa kawaida hazina. Tortilla za mahindi kwa jibini, mayai, mahindi ya kuchoma na matunda vitawatosha, na biriani ya kubeba toka nyumbani haijawahi kumtupa mtu.

Kurudi, ondokeni Jumapili asubuhi. Jioni foleni ya magari Nogales inaweza kula masaa, nanyi mna watoto ndani. Vyakula vyote vitajwe kwa ofisa hata kama hajauliza: membrillo iliyopikwa na jibini gumu havina shida, matunda mabichi na nyama ya nguruwe hunyang'anywa, na asiyetaja hupigwa faini. Ukishavuka utaingia barabara ya I-19, ambayo vibao vyake vya umbali viko kwa kilometa, jambo la nadra Marekani. Lakini usirudishe makaratasi kwenye buti bado. Karibu na Tubac kuna kizuizi cha askari wa doria ya mpaka, na kila mmoja ndani ya gari anaweza kuulizwa uraia wake.