Kuchemsha maziwa hakuondoi dawa: ushauri kwa wafugaji wa Tanga

Ukimwambia mfugaji wa Pongwe au Muheza asiuze maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano juzi, atakuuliza: "Kwani si yatachemshwa?" Yatachemshwa, na moto utaua bakteria, hata wale sugu. Lakini mabaki ya antibiotiki kama penisilini au OTC (oksitetrasaiklini) hayaondoki kwa chemko la jikoni.

Anayelijua hili vizuri ni mama anayegandisha mtindi. Maziwa ameyachemsha, ameyapooza, ametia kianzio, amefunika. Asubuhi anafunua, yako majimaji vilevile. Dawa iliyobaki imewaua bakteria wanaogandisha, na hasara imeangukia kwake, siyo kwa aliyemuuzia. Kwenye kituo cha kukusanyia ni hivyohivyo: ndoo moja yenye dawa ikimiminwa kwenye tangi, imeharibu maziwa ya wote.

Hayo ni mabaki. Usugu, yaani bakteria kutokufa tena kwa dawa, ni jambo jingine, na mimi naliogopa zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa hospitalini bakteria aina ya E. koli wenye jeni ya kuhimili kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana kwa dawa nyingine. Nguruwe waliopimwa walikuwa 804, na 166 walikuwa nao. Jeni hiyo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili inenepe haraka, na mwaka 2017 China ikapiga marufuku matumizi hayo. Kwa hiyo mwenye kuku asome kibandiko cha ule unga anaotia kwenye maji ya vifaranga "kwa kinga". Kama kuna antibayotiki ndani na kuku hawaumwi, aache.

Kwa ng'ombe, kosa kubwa ninaloliona ni OTC kwa kila homa. Ndigana baridi inatibika kwa OTC. Ndigana kali, ile ya mitoki kuvimba na ng'ombe kuhema kwa shida, inatibiwa kwa buparvakwoni, na sindano ya OTC peke yake itakupotezea siku ambazo ng'ombe hana. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue damu na majimaji ya mtoki, apime. Muuza duka la dawa simlaumu, ila yeye ng'ombe wako hajamwona.

Dozi nayo isikadiriwe kwa jicho. Utepe wa kupimia uzito unazungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, unasoma kilo. Ukikadiria chini, umewaua bakteria wanyonge na kuwaacha wenye nguvu wazaliane. Na kama umeandikiwa siku tatu, zitimie hata kama ng'ombe ameanza kula siku ya pili.

Siku za kusubiri, yaani za kutouza maziwa baada ya dawa, zimeandikwa kwenye chupa, na kila dawa ina zake. Zihesabu kuanzia dozi ya mwisho, siyo ya kwanza. Wengi hukosea hapa: ukitia mrija wa dawa kwenye chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne hayauzwi, maana dawa huingia kwenye damu na kuzunguka. Andika tarehe kwa chaki juu ya mlango wa banda ili hata kijana wa kukamua aione.

Ugonjwa wa kiwele ndio unaomaliza dawa nyingi kwenye mabanda yetu, na mara nyingi unazuilika. Sakafu iwe kavu, jambo gumu wakati wa masika, najua. Nawa mikono, osha chuchu, zikaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi uone kama kuna mabonge. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu, kisha mpe majani ili asilale mapema, kwa kuwa tundu la chuchu huchukua muda kujifunga. Mwenye kiwele kibovu akamuliwe mwisho.

Maziwa ya siku za kusubiri usimpe ndama. Ni kweli yanauma kuyamwaga, lakini tumboni mwa ndama dozi hiyo ndogo ya kila siku ndiyo inayolea bakteria sugu, na mavi yake yataishia kwenye tuta la mchicha. Yafukie shimoni, mbali na kisima.