Kuwasiliana na Waumini wa Kanisa kwa Barua Pepe

Kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza, omba ridhaa ya kila muumini, kisha uiingize anwani yake katika orodha inayotunzwa na mtu mmoja aliyeteuliwa na kanisa. Unapowatangazia wengi, weka anwani zote katika sehemu ya nakala iliyofichwa (Bcc), kwa maana zikiachwa wazi kila mpokeaji ataziona za wenzake, na atakayewajibu wote atawasumbua wasiohusika. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, hivyo kanisa kubwa litahitaji huduma maalumu ya kutuma barua kwa wingi.

Kichwa cha ujumbe kitaje jambo lenyewe: “Ibada ya Jumapili itaanza saa 3 asubuhi” kinafaa kuliko “Tangazo muhimu”.

Ninalosisitiza zaidi ni maombi kwa ajili ya wagonjwa. Usitaje jina la mgonjwa wala ugonjwa wake bila idhini yake, kwa sababu barua pepe husambazwa kwa urahisi na ikishafika hairudishwi. Aliyefiwa, naye, anahitaji kutembelewa kuliko kuandikiwa. Wasiotumia intaneti wasomewe matangazo yaleyale kanisani, na anayeomba kuondolewa katika orodha aondolewe mara moja.