Kuhama kutoka pampasi hadi nepi za kitambaa: mwongozo kwa anayefua kwa mkono

Mwongozo huu ni wa mtu anayefua kwa mkono, anayeanika kwenye kamba ya ploti, na ambaye mfereji wake una siku zake za kukauka. Mwenye mashine ya kufua ataokota mawili matatu, lakini sikumwandikia yeye. Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Kisumu. Alinunua nepi nzuri tu za kufua, akazitumia, zikaanza kuvuja na kunuka, akazirusha juu ya kabati na kurudi kwa pampasi. Tulipozishusha na kuzichunguza hazikuwa na kasoro yoyote. Shida ilikuwa kwenye karai, na ndiyo maana hatua ya 5 ni ndefu. Ukiwa na haraka, ruka uende huko.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua

Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku. Akifika miezi minne au mitano anashuka hadi mara 6 au 8. Kama umezoea kumwacha na pampasi moja tangu asubuhi hadi saa nane ili pakiti isiishe haraka, jua kwamba kitambaa hakina subira hiyo: kikilowa, kimelowa, na mtoto atakuambia.

Ukifua kila siku, nepi 18 zinatosha, yaani za leo, zilizo kambani, na chache za akiba. Kava, yaani vazi lisilopitisha maji linalovaliwa juu ya nepi, 4 au 5 zinatosha pia, kwa sababu kava iliyolowa kidogo hupanguswa, ikaanikwa, ikarudi kazini baadaye. Ikipata kinyesi ndipo inafuliwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ongeza nepi 6.

Kama bado unajiuliza iwapo inalipa, chukua bei ya pampasi moja unayouziwa rejareja kwenye kioski, zidisha kwa 6, kisha kwa 30. Hapo toa sabuni na toa maji. Watu husahau maji, na kwa anayenunua kwa mtungi wa lita 20 hayo si ya kusahau.

Hatua ya 2: Chagua nepi

Kuna za mfuko na kuna za mraba. Ya mfuko ina kitambaa kisichopitisha maji kwa nje, kitambaa laini kwa ndani, na nafasi katikati ya kuingiza pedi. Mbele ina vifungo vya kubana vya kuongeza au kupunguza ukubwa. Ya mraba ni ile waliyotufungia mama zetu: taulo au flana ya kama sentimita 60 kwa 60, unaikunja, unaifunga kwa pini, juu yake unavalisha kava.

Mimi ni mtu wa mraba na sibanduki. Ukiifungua ni tabaka moja tu, kwa hiyo sabuni inatoka yote, jua linaipiga kote, na inachemshika. Pedi ya mikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana zisizo za pamba, iliyoshonwa tabaka tatu au nne huficha sabuni na mkojo katikati, mahali vidole vyako havifiki hata ukamue mpaka viganja viume. Tena mikrofaiba haitakiwi kugusa ngozi ya mtoto moja kwa moja, kwani inafyonza unyevu hadi ule wa ngozi yenyewe. Kama umeshanunua za mfuko usizitupe. Weka pedi zile kando, kunja flana, iingize badala yake.

Usinunue nepi za mraba mpya dukani kama soko la Kibuye haliko mbali nawe. Jumapili soko likiwa limefurika utapata shuka za flana na taulo za mitumba. Tafuta taulo jembamba lililochoka kidogo. Lile nene la hoteli linapendeza mkononi lakini halikauki. Mpe fundi akate na kupinda pindo. Ukitilia shaka kama kitambaa kina nailoni ndani yake, dondoshea tone la maji: pamba hulinywa, nailoni huliacha likae juu.

Kava, chagua ya kitambaa chenye utando wa plastiki kwa ndani na mpira laini mapajani. Zile kaptula za plastiki tupu, zinazochakarisha kila mtoto akigeuka, siziungi mkono. Kwa joto la Kisumu mtoto anatokota humo.

Pini ziwe kubwa zenye kofia ya kufungia ncha. Unapochoma, vidole vyako viwe kati ya pini na tumbo la mtoto.

Hatua ya 3: Fua kabla ya kuvalisha

Pamba mpya ina mafuta yake ya asili na hainywi maji vizuri. Ifue na kuikausha mara nne au tano kwanza. Ya mitumba ichemshe.

Hatua ya 4: Anza mchana, nyumbani, pamoja na anayebaki na mtoto

Kukunja sitaeleza. Kama hujui, muulize mama mkwe. Pengine anangoja tu kuulizwa. Nitaongeza tu kwamba mkunjo mnene ukae mbele kwa mtoto wa kiume, na katikati kwenda nyuma kwa wa kike.

Anza na nepi mbili tatu kwa siku, saa ambazo uko nyumbani, ukiongeza kadiri mkono unavyozoea. Kama unaenda kazini, mwenye uamuzi hapa si wewe, ni dada anayekusaidia kazi. Yeye ndiye atakayefua. Ukileta nepi 18 Jumapili jioni na kumwambia "kuanzia kesho ni hizi," utarudi Jumatano ukute pampasi imerudi, na kusema kweli ana haki. Fua naye mara za kwanza, mpunguzie nguo zingine siku hiyo, umwambie sababu ya kila kitu, hasa sabuni.

Hatua ya 5: Kufua

Ndoo ya nepi chafu iwe kavu na yenye kifuniko. Usiloweke kutwa kucha. Maji yaliyokaa na mkojo yananuka zaidi, mpira wa kava unachakaa, na kubwa kuliko yote, mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu.

Kinyesi cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu huyeyuka ndani ya maji. Akianza uji na ndizi, kikung'ute chooni kwanza. Maji ya suuzo la kwanza nayo yaende chooni, kamwe yasiende mtaroni. Visima vifupi vya mitaa yetu ya Nyalenda na Manyatta tayari viko karibu mno na vyoo.

Suuzo hilo la kwanza liwe la maji baridi. Maji moto hupika protini iliyo kwenye kinyesi na doa likashika. Ukishasuuza, hapo sasa fua kwa maji moto.

Sasa sabuni. Tumia ya unga, na kwa nepi 8 kwenye karai anza na vijiko viwili vya mezani. Ya kipande naikataa kwa sababu moja. Ikikutana na maji yenye chokaa nyingi, hugeuka utando mweupe unaong'ang'ania nyuzi za kitambaa na hautoki kwa kusuuza. Utajua maji yako ni ya namna hiyo ikiwa sabuni haitoi povu, na birika lina ukoko mweupe chini. Sabuni ya unga haifanyi utando huo. Ila ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, na povu hilo lisipotoka lote linabaki kwenye nepi. Mtoto akikojoa linaamka, na ngozi inawaka.

Kwa hiyo suuza mara tatu, na kwa mtindo huu maji hayaishi. Panga karai tatu. Nepi zinapita ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikikamuliwa kila mara. Ukija awamu inayofuata, maji ya karai ya tatu yanakuwa ya pili, ya pili yanakuwa ya kwanza, na safi yanaingia ya tatu tu. Ya kwanza yaliyochoka yanamwagia choo. Mvua ikinyesha, kinga maji yanayotiririka kutoka kwenye mabati. Hayana chokaa, na hakuna maji yanayosuuza kama hayo.

Dawa ya kulainisha nguo, ile ya kunukia, usitumie. Kazi yake ni kupaka nyuzi, na uzi uliopakwa haunywi mkojo.

Sasa kwa wale ambao nepi zao zimeshaanza kuvuja. Fanya majaribio mawili kabla ya kulaumu fundi au muuzaji. La kwanza, chukua nepi safi iliyokauka, dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama shanga, kuna mafuta. La pili, tia nepi nyingine safi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu bila sabuni, uitikise. Povu likitokea, kuna sabuni. Ya jirani yangu ilifeli yote mawili.

Mafuta hayo yanatoka kwenye makalio ya mtoto. Hapa kwetu mtoto akioga hupakwa mafuta ya mgando mpaka ameng'aa, na pampasi ilivumilia. Kitambaa hakivumilii: mafuta yanaingia kwenye nyuzi, na mkojo unateleza hadi kwenye paja. Krimu nyeupe za vipele zenye zinki ni vivyo hivyo, tena zinaacha alama. Sikuambii umwache mtoto mkavu. Paka kidogo, ngoja ngozi inywe, kisha weka kipande cha flisi kati ya ngozi na nepi. Blanketi moja la flisi la mitumba linatoa vipande vingi. Flisi hupitisha mkojo chini na huzuia mafuta yasifike kwenye nepi.

Kuzisafisha zilizokwisha athirika, mafuta yaanze kutoka, sabuni ifuate. Maji ya moto ya kuhimilika mkononi, sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, sugua kwa brashi laini, hasa sehemu ya katikati. Suuza mpaka povu liishe. Kisha zile za pamba tupu ziweke kwenye sufuria ya maji bila sabuni, zichemke dakika 10, ukizigeuza kwa mwiko. Utaona povu na utando vikielea. Engua, mwaga, rudia kwa maji mapya mpaka yatulie. Sufuria hiyo isirudi jikoni kupikia. Kava, nepi za mfuko na mikrofaiba usichemshe. Plastiki inabanduka na mpira unakufa. Hizo zibaki na maji ya uvuguvugu na kusuuzwa kwa uvumilivu. Mwishoni rudia jaribio la tone.

Harufu kali inayochoma macho asubuhi unapofungua nepi ni amonia. Bakteria waliobaki kwenye kitambaa huvunja mkojo na kuitoa. Mara nyingi chanzo ni sabuni kidogo mno, maji baridi mwanzo mwisho, au nepi kukaa ndooni hadi kesho kutwa. Hapo wengi hukimbilia klorini, na hapa nawasihi msikilize. Usimimine klorini kwenye nepi zenye mkojo, wala usiichanganye na siki au dawa nyingine ya usafi. Ikikutana na amonia hutoa gesi inayodhuru mapafu. Ikikutana na siki hutoa nyingine. Ukilazimika, iwe nepi za pamba nyeupe zilizokwisha kufuliwa na kusuuzwa, kiasi kile kilichoandikwa kwenye chupa, nje penye hewa, kisha zisuuzwe tena na tena. Kwangu kuchemsha na jua vinatosha.

Mtoto akipata vipele visivyopungua siku mbili tatu baada ya kusuuza vizuri, au vyenye usaha au vidoti vyekundu kwenye mikunjo ya mapaja, hayo yanaweza kuwa maambukizi ya ukungu au ya bakteria. Mpeleke kliniki.

Hatua ya 6: Kuanika

Anika mapema. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, na nepi iliyonyeshewa jioni italala mbichi. Doa la manjano la maziwa lielekeze juani nepi ikiwa bado mbichi, litafifia lenyewe. Kava zianike kivulini, ndani zikitazama nje.

Usitandaze nepi kwenye nyasi wala ua. Kuna nzi wa maembe anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Nepi za pamba zipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa za kipindi cha mvua. Kava usiziguse kwa pasi.

Hatua ya 7: Usiku na safari

Usiku mvalishe mraba mbili pamoja, moja ikunjwe nyembamba katikati, na kava iliyobana mapajani bila kuacha alama nyekundu. Ikishindikana, mvalishe pampasi usiku na ulale. Ukitumia pampasi moja badala ya sita bado umeokoa, na hakuna anayekagua.

Kwenda ushago au kliniki, beba nepi zilizokunjwa tayari na mfuko wa zipu usiopitisha maji. Kwa matatu ya saa mbili, weka moja zaidi ya unavyodhani. Chafu zikae ndani ya mfuko zikiwa zimekung'utwa, na ukifika geuza mfuko ndani nje uufue pamoja nazo.