Mtoto Mwenye Heshima na Mwenye Sauti: Namna ya Kuvilea Vyote Viwili

Kabla hujabadilisha chochote katika malezi ya nyumbani kwako, fanya hesabu ndogo kwa siku moja tu. Tangu mtoto anapoamka hadi anapolala, yaangalie maneno unayomwambia, kisha uyatenge yale yanayongoja jibu lake na yale yasiyongoja. Nilifanya hivyo hapa Uyole, Mbeya, mwezi mmoja wa Juni, wakati baridi inapomfanya kila mtu awe na haraka ya kuingia ndani, nikakuta kwamba binti yangu wa miaka saba alikuwa amesikia kutoka kwangu: amka, nawa, vaa sweta, fanya haraka, kula, nyamaza kuna wageni, kalale. Swali lilikuwa moja, la kazi za shule, na hata hilo nililiuliza nikiwa nimegeukia sufuria. Mtoto huyo hakuwa amepigwa wala kutukanwa, lakini siku nzima ilipita bila mtu yeyote kulihitaji neno lake.

Katika nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania mtoto hufundishwa heshima mapema. Iringa na Njombe atajifunza kuitikia "kamwene" kabla hajajua kuhesabu vidole, Rungwe atasikia "ugonile" kila asubuhi, na shikamoo iko kila mahali. Sina ugomvi na desturi hiyo, na ningemshangaa mzazi anayeiacha kwa kudhani kwamba ujasiri ni kuwatazama wakubwa bila haya. Kasoro huingia pale salamu inapokuwa neno la kwanza na la mwisho la mtoto, akishaamkia anaambiwa aende nje akacheze. Jaribu kuongeza kitu kimoja tu: mtoto akishaamkia, mwulize jambo ambalo yeye ndiye anayelijua, kama vile kuku wangapi wameingia bandani au mwalimu amewafundisha nini, kisha subiri amalize hata kama anasitasita. Wageni nao watazoea. Usimjibie, maana mtoto anayejibiwa na mama yake mbele za watu hujifunza kwamba maneno yake hayatoshi.

Msingi wa jambo hili huwekwa kabla mtoto hajaanza kusema. Mnamo mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alizitembelea familia katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona kuwa mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye aliyethubutu kutambaa mbali kuchungulia vitu, akirudi mara kwa mara kwa mama kama kituoni, kisha akaondoka tena. Kwa hiyo bibi akikuambia kwamba kumbeba mtoto mgongoni kila anapolia ni kumdekeza, mwitikie kwa adabu na uendelee kumbeba. Mbeleko haimzuii mtoto kujitegemea.

Hapa kwetu kuna jambo linaloumiza zaidi. Mahindi na viazi vinavyolisha miji mingi ya nchi hutoka huku, na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, Njombe ikifuata kwa asilimia 50.4. Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo kila mkulima anaijua: mama anaondoka alfajiri kwenda shambani, mdogo anaachwa na dada wa miaka minane, na uji mtupu uliopikwa asubuhi ndio unaomfikisha jioni. Pengo hilo hilo linalomnyima mtoto chakula cha kutosha humnyima pia mtu wa kumwitikia. Ukiweza kupanga zamu na jirani au shangazi ili mtu mzima abaki na watoto, panga. Na wakati wa kumlisha, keti naye, mtazame usoni, taja unachompa na umngoje ameze, maana hapo unalisha mwili na kufundisha mazungumzo kwa kijiko kimoja.

Mtoto akianza kusema, mpe majina ya yaliyomo moyoni mwake. Kiswahili kina maneno ya kutosha: hasira, hofu, huzuni, wivu, aibu, upweke, hamu, kinyongo. Wengi wetu tuliyajua tukiwa watu wazima, kwa kuwa utotoni tulikuwa na mawili tu, kulia na kununa, na yote mawili yalikatazwa. Mvulana aliyefiwa na mbwa wake asiambiwe kwamba mwanamume halii. Mwambie, "Una huzuni, ulimpenda na hayupo tena," halafu kaa kimya. Ukimya huo ndio mgumu kwa mzazi, kwa sababu ulimi unawasha kutoa mawaidha. Kutaja hisia si kuruhusu kila tendo: aliyemwonea wivu mdogo wake mchanga anaweza kusema kwamba anamwonea wivu, lakini hawezi kumfinya. Tena uwe macho na maumivu ya tumbo yanayokuja kila Jumatatu asubuhi na kupona saa nne. Mpeleke kituo cha afya kwanza, kisha, ikiwa hakuna ugonjwa, uliza kwa upole nani anaketi naye darasani na nini hutokea njiani.

Saa nzuri ya kuuliza ni jioni, wakati wa kuota moto, kwa kuwa mtoto husema kwa urahisi zaidi macho yake yakiwa kwenye makaa kuliko yakiwa kwako. (Litoeni jiko la mkaa nje kabla ya kulala, hata katika baridi ya Makete, hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.)

Ujasiri wenyewe, hata hivyo, hauletwi na mazungumzo peke yake. Mtoto hujiamini baada ya kufanya jambo la kweli na kuliona limefanyika. Usimtume tu vipande vya kazi zako, leta hiki, shika kile, bali mkabidhi kazi nzima inayolingana na umri wake. Mtoto wa miaka minane anaweza kupewa tuta moja la mnafu au figili liwe lake, achague siku ya kumwagilia, auze mafungu mawili kwa jirani na aamue fedha itafanya nini. Mboga zikinyauka kwa sababu amesahau, ziache zinyauke, wala usiende kumwagilia usiku kwa siri, kosa ambalo nililifanya mwenyewe. Unapomsifu, taja alichofanya: "Umezipanga kuni hivi kwamba mvua haikuzifikia" ni sifa anayoweza kuirudia kesho, wakati "una akili sana" humwachia hofu ya siku atakayokosea. Matokeo ya shule nayo yasome hivyo hivyo, somo kwa somo, kabla ya kutazama nafasi yake darasani.

Kuhusu adhabu, najua fimbo ina watetezi wengi huku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili au inayozidi umri na hali ya mtoto, lakini hata pasipo sheria ningeuliza fimbo inafundisha nini. Aliyevunja kioo cha jirani akichapwa, deni limelipwa na kioo kimebaki kimevunjika. Mtoto huyo huyo akienda na mzazi wake kuomba radhi, kisha akatoa sehemu ya fedha za mboga zake, amejifunza kwamba kosa lina njia ya kutengenezwa na kwamba yeye anaweza kuipita. Mzazi naye ana makosa yake. "Jana nilikugombeza mbele ya wenzako, sikufanya vyema, nisamehe" ni sentensi ambayo wazee wengine huiona kuwa inashusha hadhi ya baba, ingawa sijaona mtoto aliyemdharau baba yake kwa kuombwa radhi. Niliowaona wanawadharau baba zao walikuwa wakiwaogopa hapo kwanza. Na ikiwa nyumbani kuna binti wa kazi, kumbuka kwamba watoto wako wanasikiliza namna unavyomwita.

Nimeliacha mwisho jambo ambamo heshima ikifundishwa vibaya huwa hatari. Mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hakataliwi kamwe hana neno la kumwambia mjomba, jirani au dereva wa bodaboda anayetaka kumshika mahali pasipostahili. Mfundishe majina halisi ya viungo vyake, umwambie kwamba shikamoo ni ya kila mkubwa lakini mwili wake ni wake, na kwamba siri ya kumficha mama au baba si siri nzuri. Lifanyieni mazoezi kwa sauti, aseme "hapana, sitaki" mpaka isikike chumba cha pili. Akija kukuambia jambo, usianze kwa "uongo" wala "ulikuwa unafanya nini huko?" Mwambie unamwamini na kwamba amefanya vyema kusema, wala usimrudishe nyumbani kwa mtuhumiwa ili wazee wa ukoo wayamalize. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ikiwa ameingiliwa, usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa, na mfikishe hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kumkinga na VVU hazianzishwi baada ya muda huo.