SOMO: Namna ya kuingia serikalini kama mtu wa usalama na afya kazini, na siku ya kwanza unapokanyaga kiwanda cha korosho

Habari zenu wakuu, Ntwara kuchele. Vijana wengi wananifuata kuuliza hii kazi yangu inapatikanaje, wengine hata jina hawalijui wanasema "ile ya kuvaa kikoti cha njano na helmeti", sasa leo mvua imenifungia ndani huku Mikindani nimeona niandike mara moja niachane na kujibu mmoja mmoja. Nipo mwaka wa tisa kwenye kazi hii, nilianzia kanda nyingine nikaletwa kusini, nazunguka Mtwara na Lindi, maghala ya korosho Tandahimba mpaka mashamba ya chumvi ya Kilwa.

Tuwekane sawa kwanza. Wenye kazi hii hasa ni OSHA, wakala wa serikali ulioanza 2001, na sheria inayotupa meno ni ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003. Kabla yake kulikuwa na sheria ya mkoloni ya 1950 iliyokuwa inaangalia viwanda, hii ya sasa inaangalia mahali pa kazi, kwa hiyo shamba, ghala, hoteli, ofisi, vyote vimo. Ila usidhani ni OSHA tu, bandari wana watu wao wa usalama, mashirika ya umma yanao, na afisa afya wa halmashauri naye anagusa humuhumu.

HATUA YA 1: SHULE
Hamna digrii moja. Kuna wahandisi mitambo (hawa ni watu wa boila, mitungi ya mgandamizo, winchi), kuna wa umeme, wa kemikali, kuna madaktari na manesi wanaopima afya za wafanyakazi, halafu kuna sisi tuliosoma afya ya mazingira, kazi yetu vumbi, kelele, joto, mwanga, kemikali. Chagua unachokiweza, usisome uhandisi kwa sababu umesikia wanalipwa. Na jifunze kuandika Kiswahili na Kiingereza kinachoeleweka maana nusu ya kazi hii ni ripoti, hilo hakuna aliyeniambia.

HATUA YA 2: AJIRA PORTAL
Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unajisajili kwa namba ya NIDA, unajaza taarifa zako. Watu wanakatwa kwa vitu vya kijinga kabisa: barua haijasainiwa, umeweka matokeo ya muda badala ya cheti, jina la kidato cha nne ni Hadija na la chuo ni Khadija na hujaapa popote kwamba ni mtu mmoja. Umri mwisho miaka 45. Jaza wasifu wako wote sasa hivi kabla tangazo halijatoka, usisubiri siku ya mwisho mtandao unakata na wewe uko kwenye intaneti kafe ya watu unatoa jasho.

HATUA YA 3: USAILI
Mchujo wa kuandika, halafu mahojiano, kwa baadhi ya kada na vitendo katikati. Soma ile sheria yenyewe, usisome muhtasari wa WhatsApp. Swali ambalo halikosekani ni ngazi za kudhibiti kihatarishi: kwanza unakiondoa kabisa, ikishindikana unakibadilisha kwa chenye nafuu, ikishindikana unakitenga kwa mtambo au kizuizi, halafu unapanga upya utaratibu wa kazi, vifaa kinga vinakuja MWISHO. Wengi wanalikariri hili wakapata maksi zao, siku wakiingia kiwandani kitu cha kwanza wanachouliza ni "glovu ziko wapi". Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nawasimulia hapo chini. Ukifaulu nafasi zikawa zimejaa unaingia kanzidata, usikate tamaa, kuna watu wameitwa wakiwa wameshasahau.

HATUA YA 4: KABLA HUJATOKA OFISINI
Ukishaajiriwa kuna miezi 12 ya majaribio, utatembea nyuma ya wakubwa. Beba daftari dogo la mfukoni, kalamu mbili, buti lako mwenyewe, kipima kelele kikiwa na betri. Soma faili la hiyo sehemu, ukaguzi uliopita waliambiwa warekebishe nini. Kisheria mkaguzi anaweza kuingia bila kupiga hodi ya wiki nzima, ukitoa taarifa mapema sana utakuta pamefagiliwa pananukia Jiki.

HATUA YA 5: SAKAFUNI
Hapa ndo penyewe, hapa nitakaa kidogo.

Ukaguzi wangu wa kwanza huku kusini ulikuwa kiwanda cha kubangua korosho, sitakitaja. Meneja alitupokea vizuri, soda, kiti, faili limepangwa, sera ya usalama imebandikwa ukutani kwenye fremu. Helmeti za wageni bado zina nailoni. Tukaingia chumba cha wabanguaji, akina mama kama sitini wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na glovu mpya nyeupee. Nikaandika: vifaa kinga, vizuri. Nikatia tiki.

Tulipokuwa tunatoka nikasahau kalamu, nikarudi peke yangu. Glovu zote chini. Zimewekwa mapajani, zingine zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Kuna mama mmoja umri wa mama yangu nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamuuliza mbona umevua. Akanionyesha mikono. Ncha za vidole nyeusi, ngozi imebambuka kama ya nyoka anayejivua, kati ya gumba na shahada pana kidonda kimekauka kikapasuka tena. Yale ni mafuta ya ganda la korosho, yanaunguza kama tindikali. Akasema "mwanangu glovu hizi kubwa, zinateleza, korosho inavunjika, na mimi nalipwa kwa kilo ya nzima, sasa nikivaa nitakula nini". Na pembeni yake ana kikopo cha majivu anachovya vidole kila baada ya punje kadhaa.

Nilisimama pale kama mjinga. Tiki yangu ilikuwa ya uongo na hakuna aliyenidanganya, glovu zilikuwepo kweli!

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiingia sakafuni fanya hivi. Usianze na ukuta wala faili, anza na mikono ya watu, macho yao, wanavyoinama. Uliza wanalipwaje, kwa siku au kwa kipimo, maana malipo ya kilo yanamfanya mtu avue kinga mwenyewe bila kusukumwa na yeyote. Kaa nao dakika kumi bila bosi. Kwa kelele, kama mtu yuko umbali wa mkono mmoja kutoka kwako na lazima upaze sauti akusikie, toa kipimo chako, pengine mpo juu ya desibeli 85 na hapo masaa manane ya kazi yanaanza kula masikio. Ghalani angalia makuli, gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80 na anapanda nalo ubao mwembamba kwenda juu ya rundo, sasa usimwangalie kuli tu, angalia rundo limeegemea wapi, likiporomoka halichagui.

HATUA YA 6: RIPOTI NA KURUDI
Andika ulichokiona, siyo ulichoonyeshwa. Kama kitu kinaua leo unatoa katazo kazi inasimama palepale, kama kinasubiri unatoa muda wa marekebisho. Usiandike "waongeze vifaa kinga" ukaondoka. Kwenye kile kiwanda niliporudia ripoti nikaandika glovu za saizi za wanawake, mafuta ya kupaka mikononi kabla ya kazi, sehemu ya kunawa yenye sabuni kwenye chumba chenyewe siyo uani, na waangalie upya mvuke wa kupikia korosho kabla ya kubangua maana iliyoiva vizuri inapasuka kwa urahisi. Suala la malipo si langu kisheria, ila nililiandika kama chanzo, wakubwa walikuna vichwa wakaliacha.

Haya, maswali.

Binti_Mikindani: Shikamoo kaka. Mimi navaa hijabu, je itanizuia, na huko kupanda matanki wanawake mnawapeleka kweli au wanaachwa ofisini?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Hijabu haizuii, ila iwe fupi na uichomeke ndani ya kikoti, mtandio unaoning'inia karibu na mkanda unaozunguka ni hatari na utakuwa wa kwanza kumwandikia mtu mwingine kosa hilo. Buibui acha kwenye gari. Wanawake wanapanda, tena bosi wangu wa kwanza alikuwa mama, alikuwa anapanda ngazi ya silo mimi namfuata magoti yanagongana. Na kwa akina mama wabanguaji wewe utaambiwa mambo ambayo mimi siambiwi.

Nachingwea_Boy: Baba yangu anapulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kila mwaka, kifua kinambana na macho yanakuwa mekundu wiki nzima. Hii inawahusu nyie au ni kilimo?

Mwandishi: Shamba linaloajiri watu linatuhusu. Kwa mzee wako: apulizie alfajiri umande ukiwepo na upepo umelala, asimame upepo ukiwa mgongoni, miwani ya kuziba pembeni, barakoa ya vumbi ya kweli siyo kanga, shati mikono mirefu, akimaliza aoge kabla ya kula na zile nguo zisifuliwe na za watoto. Asivute sigara kabisa akiwa nayo maana salfa inashika moto. Kifua kikiendelea kubana mpelekeni hospitali na mwambieni daktari neno SALFA, wasipojua wataishia kumpa dawa ya kikohozi.

Fundi Chuma: Mnakuja kukusanya ada tu, tuseme ukweli. Mkishakula mnaondoka.

Mwandishi: Kaka sikukatalii yote, kuna waliotuchafua. Ada nyingi zilishafutwa au kupunguzwa na malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, ukidaiwa keshi mkononi huyo mripoti TAKUKURU, hata akiwa mimi. Nilishakuta mfuko wa korosho umewekwa kwenye buti la gari "za watoto". Niliurudisha getini nikasainisha mlinzi. Walinicheka ofisini miezi miwili wakaniita Bwana Korosho.

Zuwena wa Masasi: Kazini wanatukata hela ya buti na glovu kwenye mshahara, na wametuambia tunakatwa na ya WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni halali?

Mwandishi: Hapana dada. Vifaa kinga ni gharama ya mwajiri, na mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hachangii hata senti. Piga picha hati ya mshahara inayoonyesha makato, ipeleke ofisi ya kazi na kwetu kanda Mtwara mjini. Jina lako tunaweza kulificha.

Msomi wa Ligula: Nina diploma ya afya ya mazingira, nisubiri digrii?

Mwandishi: Usisubiri, omba uafisa afya halmashauri, piga digrii ukiwa kazini. Kusubiri nyumbani hakuna cheti chake.

Binti_Mikindani: Kaka na yule mama wa majivu, mwisho wake?

Mwandishi: Nilirudi baada ya miezi minne. Sabuni ipo, mafuta yapo, glovu za saizi yake amevaa. Nikasogea karibu nikaona amezikata ncha mbili, ya gumba na ya shahada. Akacheka, akasema "hapa ndo pananipa hela mwanangu". Nimeandika hivyohivyo kwenye ripoti, kuna fundi wa glovu tunamtafuta anayeweza kushona ncha nyembamba, mwenye kumjua aniambie.