Kuzuia draiva ya USB isigande kifaa kinaporisetiwa

Chukua kipimaunyevu cha udongo kwenye shamba la zabibu kule Hombolo, kimechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya Linux inayotumia umeme wa sola. Pampu ikiwaka, volti inashuka, habu inayumba na keneli (kiini cha Linux) inakiriseti kifaa. Draiva nzuri huendelea kusoma. Mbovu humlazimu mtu atoke Dodoma mjini kwenda kuchomoa waya.

Kwanza thibitisha ugonjwa. Acha dmesg -w (huonyesha ujumbe wa keneli) ikiwa wazi, anza kusoma data, kisha kwenye terminali nyingine (usbreset imo kwenye usbutils, namba za kifaa chako zipate kwa lsusb):

sudo usbreset 1234:5678

Ujumbe wa probe (funksheni inayoitwa draiva inapobandikwa kwenye kifaa) ukitokea upya, kwa kawaida draiva haina pre_reset na post_reset, funksheni zinazoitwa kabla na baada ya riseti. Keneli imeibandua na kuibandika tena, na programu iliyokuwa imefungua faili imepata kosa. Programu ikiganda, angalia ps -eo pid,stat,wchan,cmd. Hali ya D maana yake programu imelala bila kukatizika, na hapa huenda inasubiri kufuli lisiloachiwa.

Ongeza funksheni hizi mbili na uziandikishe ndani ya struct usb_driver:

static int kipima_pre_reset(struct usb_interface *intf)
{
    struct kipima *k = usb_get_intfdata(intf);

    mutex_lock(&k->kufuli);
    k->inarisetiwa = true;
    usb_kill_anchored_urbs(&k->zilizotumwa);
    return 0;
}

static int kipima_post_reset(struct usb_interface *intf)
{
    struct kipima *k = usb_get_intfdata(intf);
    int kosa;

    k->inarisetiwa = false;
    kosa = kipima_weka_mipangilio(k);
    if (!kosa)
        kosa = kipima_anza_kusoma(k);
    mutex_unlock(&k->kufuli);
    return kosa ? 1 : 0;
}

Kufuli linashikwa kwenye ya kwanza na kuachiwa kwenye ya pili, kwa makusudi, ili asipenye mtu katikati. Kwa hiyo pre_reset isirudishe kosa ikiwa imeshika kufuli: ikirudisha, keneli inaibandua draiva, post_reset haiitwi, na kufuli linabaki limefungwa.

Wengi hunasa kwenye URB, yaani ombi la kusafirisha data kwa USB. Keneli huitoa URB kwenye nanga (orodha ya URB zilizotumwa, hapa zilizotumwa) kabla ya kuita funksheni yako ya kukamilisha. Ukiituma upya humo, iite usb_anchor_urb tena, la sivyo usb_kill_anchored_urbs haitaiona. Kabla ya kutuma, angalia inarisetiwa na status. Ikiwa ni -ENOENT, -ECONNRESET au -ESHUTDOWN, acha.

Keneli hurudisha konfigurasheni na mpangilio mbadala wa kiolesura, lakini kasi ya kusoma au kipimo ulichokituma kwa amri za mtengenezaji kimepotea. Ndiyo kazi ya kipima_weka_mipangilio: tuma amri zile zile ulizotuma kwenye probe. Tumia usb_control_msg_send, maana inanakili bafa yenyewe; bafa iliyoko kwenye steki haifai kwa DMA (maunzi kugusa kumbukumbu moja kwa moja). Kumbukumbu iombwe kwa GFP_NOIO, inayokataza kusubiri diski. Kifaa hicho hicho kikiwa na diski ndani yake, GFP_KERNEL inaweza kusubiri diski ambayo nayo inasubiri riseti iishe.

Draiva yenyewe ikitaka kuriseti, isiite usb_reset_device huku imeshika kufuli hilo, kwani pre_reset italisubiri milele. Isiiite pia ndani ya funksheni ya kukamilisha, ambako kulala hakuruhusiwi. Zote mbili zinatibiwa na usb_queue_reset_device(intf). Vilevile msomaji anayesubiri data asilale akiwa na kufuli mkononi.

Jenga keneli ya majaribio yenye CONFIG_PROVE_LOCKING (hukagua kufuli) na CONFIG_KASAN (hukagua matumizi mabaya ya kumbukumbu), kisha:

for i in $(seq 200); do sudo usbreset 1234:5678; sleep 1; done

Data iendelee kusomwa muda wote. Rudia huku ukichomoa waya katikati ya riseti, maana disconnect (inayoitwa draiva inapobanduliwa) na pre_reset hugusa muundo ule ule. Ikiwa kompyuta hulala usiku, andika pia reset_resume. Kifaa kilichokatikiwa umeme wakati wa usingizi hupitia huko, na bila hiyo draiva inabanduliwa kila asubuhi.